Noti ya Burma ya Hajati

Miaka ile ya mwanzo baada ya vita vilivyoisha mwaka wa themanini na sita, maduka ya kubadilishia fedha yalipoanza kufunguliwa Kampala, nilipata kazi katika mojawapo. Nilikuwa nimetoka Kisumu kutafuta riziki, nikapanga chumba Nsambya. Tajiri wangu alipenda noti za zamani kuliko zile tulizouza, naye ndiye aliyenifundisha kuzikagua. Wateja wakiadimika, alitoa lenzi na kitabu chake kinene cha bei, tukabishana asubuhi nzima juu ya tundu moja la pini kwenye noti.

Mtaa wa Kisenyi kulikuwa na bibi wa Kinubi niliyezoea kununua kwake vitambaa alivyodarizi. Sote tulimwita Hajati. Aliposikia kazi yangu, alinialika Jumapili nikitoka kanisani. “Njoo na kioo chako cha kukuzia,” akasema. “Kuna kesi hapa nyumbani.”

Nilimkuta sebuleni na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wote wawili walikuwa wajane, nao waliishi pamoja. Hajati alifungua kitambaa cheupe, akaweka noti mbele yangu.

“Mume wangu alipigana Burma na jeshi la Waingereza,” akaeleza. “Aliporudi akanioa, akanipa hii mkononi siku ya harusi. Huyu wifi yangu tangu siku ile anasema nilipewa karatasi ya kuchezea watoto.”

“Haina namba,” wifi akasema. “Umeona wapi pesa haina namba?”

Niliisogeza dirishani. Ilikuwa ya rupia kumi, yenye picha ya hekalu upande mmoja na jina la serikali ya Japani kwa Kiingereza. Namba haikuwepo kweli. Palikuwa na herufi tu, ya kwanza ikiwa B. Niliilaza kwenye mwanga ili nione mikunjo. Alama zilionekana, wino umefifia katikati, lakini karatasi ilikuwa imenyooka kama shuka ya hospitali. Niliinusa. Ilinukia udi, na chini ya udi, wanga wa kunyooshea nguo.

“Hajati, umeifanya nini hii?”

“Nimeipiga pasi jana. Mgeni anakuja, nitamwonyesha kitu kimekunjamana?”

Nilishindwa kujizuia, nikacheka. Nilimweleza kwamba wakusanyaji wanataka noti ibaki ilivyo, hata na mikunjo yake, na kwamba pasi na wanga huiua ile hali ya upya wanayoilipia. Hajati alijishika kichwa. Wifi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ushungi.

“Lakini ni halali,” nikaendelea. “Wajapani waliziteka nchi zile, wakachapisha pesa zao. Za Burma walizitia herufi B badala ya namba. Watu walinunua mchele kwa noti hizi.”

“Umesikia?” Hajati akamgeukia wifi. “Ilikuwa pesa!” Kisha akaniuliza, “Sasa ina thamani gani?”

“Ndogo, mama. Zilichapishwa nyingi mno. Hata bila pasi, ingekununulia sukari na majani ya chai.”

“Na siku ile ya harusi?”

“Siku ile haikuwa na thamani yoyote. Wajapani walikuwa wameshashindwa. Askari waliziokota tu.”

Nilidhani wifi angeruka kwa furaha. Badala yake aliinama akaishika ile noti kwa ncha za vidole, na ndipo nilipotambua kwamba hakuwahi kuishika.

“Ndugu yangu aliiokota kwenye uwanja wa nyumba iliyoungua,” akasema taratibu. “Aliniambia mimi kabla ya harusi. Alisema huko kote alikopita, hicho ndicho kitu kizuri pekee alichokiona, hili jumba la pichani lenye vilele. Mimi nilidhani ananiletea mimi. Mimi ndiye dada yake.”

Hajati alimgeukia. “Na miaka yote hii hukusema?”

“Ningesemaje? Ulikuwa bibi harusi.”

“Mimi aliniambia alipewa na ofisa wake kwa ushujaa!”

Wakatazamana, halafu wakaangua kicheko kwa pamoja, kile cha watu waliodanganywa na mtu waliyempenda. Hajati alivuta mkeka wake karibu na wa wifi, akamwambia aanze upya, asiruke kitu: nyumba ile ilikuwaje, na ndugu yake alisema nini kingine kuhusu vita ambacho yeye mke hakuambiwa. Punde wakageukia lugha yao ya Kinubi, wakikatizana maneno, noti ikipita kutoka mkono huu hadi ule. Sikuelewa hata neno. Nilijimiminia chai ya tangawizi, nikachukua andazi, nikanyoosha miguu kwenye zulia, wala sikuwa na haraka ya kurudi Nsambya.