Mama Gwakisa na Tonge la Mgeni

Madereva wa malori wanaotoka Tunduma na Mbeya wakifika Ipogolo huwa hawaulizani wale wapi. Wanaegesha pembeni, wanapiga matairi mateke mawili matatu, kisha hao, wanaingia kwa Mama Gwakisa. Nawasimulia habari za huyu mama kwa sababu kila ninapomkumbuka nacheka, na kicheko ukikaa nacho peke yako hakinogi.

Jina lake ni Tumpe. Kwao Tukuyu, ila aliolewa na Clement, Mhehe mmoja mwembamba kama ufito, mpole, mwenye maneno machache lakini yote yana meno. Mtoto wao wa kwanza ndiye Gwakisa, ambaye siku hizi yuko zake Dodoma. Mgahawa wao hauna mbwembwe. Una meza za mbao na jiko la nyuma. Wali ni wa mchele wa Rujewa, samaki ni wa Mtera, na vitunguu vinashushwa na madereva wenyewe wakitoka Ruaha Mbuyuni.

Zamani Mama Gwakisa alikuwa mnene kupita kiasi. Sisemi unene wa kupendeza, ule wa kitenge kukaa vizuri. Nasema unene wa kulala umekaa, kwa sababu ukijinyoosha pumzi inakataa. Viti vya plastiki aliviogopa, vilimbana kiunoni akisimama vinasimama naye. Clement akamchongeshea benchi la mninga, akaliita kiti cha chifu. Mwenyewe alicheka, lakini magoti hayakucheka. Sukari nayo ikapanda, akawa mtu wa kujidunga sindano asubuhi na jioni.

Basi madaktari wakamshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Ndugu wa pande zote mbili wakashikana, akaenda Dar es Salaam, akafanyiwa. Aliporudi alitulia nyumbani miezi kadhaa, wifi yake Evarista akishika jiko. Wateja waliambiwa mama anatibiwa vidonda vya tumbo. Aliona aibu kusema amepasuliwa kwa ajili ya unene.

Ah, kukonda kule kulikuwa na raha zake! Siku ya kwanza alipoinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, alizifungua akazifunga tena, Clement akisubiri mlangoni. Sindano akaachishwa. Akawa anapanda mlima wa kwenda mjini kwa miguu, huku bodaboda wakimpigia honi na yeye akiwapungia mkono waende zao.

Masharti aliyashika kama mtoto wa kipaimara anavyoshika katekisimu. Chakula chake ni kisahani cha chai, hakizidi hapo. Anaanza na samaki au yai au maharage, anafuata mboga za majani, wali au ugali mwisho, tena kijiko tu. Anatafuna mpaka chakula kinakuwa uji. Maji hanywi wakati wa kula, anasubiri. Siku moja alijaribu togwa tamu, kikombe kizima kwa mkupuo. Moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, akalazwa mkekani anapepewa. Togwa akaiaga tangu siku hiyo.

Clement alikuwa akikitazama kile kisahani anatikisa kichwa.

"Mama Gwakisa, hiki unakula wewe au unamwekea kifaranga?"

"Kifaranga ni wewe. Mimi nashiba."

Sasa hapo ndipo penye kisa chetu. Kila baada ya muda alikuwa anakwenda Mbeya kumwona mtaalamu wa lishe, dada mmoja anaitwa Bertha, ambaye wagonjwa wote wanamwita Sista. Uzito ulishuka, ukashuka, ukafika kilo themanini na nne. Lengo lilikuwa themanini. Mama akaanza hata kuchagua kitambaa cha gauni jipya. Lakini safari iliyofuata, akiwa amesharudi mgahawani kupakua, mzani ukasema themanini na saba. Iliyofuata tena, tisini.

Bertha akamkalisha. "Mama, niambie ukweli. Jana umekula nini?"

"Asubuhi yai moja. Mchana kipande cha samaki na mchicha. Jioni maharage. Kisahani, Sista. Naapa."

"Soda?"

"Sijaonja soda tangu nipasuliwe."

Bertha akafunua daftari lake. "Sukari nayo imeanza kupanda. Tukifika mwezi wa sita uzito haujageuka, daktari atakurudisha kwenye sindano. Na magoti nayo unayajua."

Mama Gwakisa alirudi Ipogolo amenuna njia nzima. Hakuwa mwongo, na hakuwa anakula kwa kuiba. Kile kisahani alikipunguza tena, akawa anaamka anasikia kizunguzungu. Clement naye akaanza kuzungukazunguka jikoni, anafunua sufuria, anahesabu mapande ya nyama kwa macho.

"Baba Gwakisa, unanilinda kama mwizi wa kuku?"

"Mimi? Natafuta chumvi tu."

"Chumvi iko mkononi mwako."

Siku hiyo hawakusemezana mpaka jua linazama.

Kuna kitu lazima niwaeleze hapa. Tumpe alilelewa na bibi yake huko Tukuyu, na nyumbani kwa bibi huyo chakula cha mgeni hakikuwekwa mezani kabla mwenyeji hajala kidogo mbele ya macho ya mgeni. Mwenyeji anamega, anachovya, anameza, ndipo anasema karibu. Maana yake: nyumba hii haina ubaya na wewe. Mama Gwakisa alikuja na desturi hiyo hadi barabara kuu. Kila sinia linaloenda mezani, ananawa, anamega tonge pembeni, anachovya mchuzi, anakula amesimama, kisha, "Karibuni wanangu." Madereva walilipenda jambo hilo kuliko hata mchuzi wenyewe. Na aliporudi amekonda, likawa ndilo ngao yake. Maana watu walishaanza kunong'ona kwamba mpishi akikonda ghafla kuna namna, pengine chakula chake mwenyewe anakiogopa. Walipomwona anakula mbele yao, wakatulia.

Mwezi wa nne Bertha alikuwa anapita kwenda semina Morogoro. Gari la ofisi likasimama Ipogolo, akaingia kumsalimu mgonjwa wake. Furaha ikawa kubwa. Mama akamwita Clement, Clement akaja na "Kamwene" yake, salamu ya Kihehe, mgeni akakalishwa meza ya dirishani. Mchana ulikuwa umepamba moto. Bertha akakaa anatazama. Akatazama tena. Sinia lake lilipofika, mama akamega tonge, akachovya, akameza, akasema, "Karibu Sista."

"Mama, hicho unachofanya ni nini?"

"Kipi?"

"Umemega, umechovya, umekula."

"Aa, hicho cha kwako. Nimekuonjea."

"Na meza ile ya pale?"

"Nayo nimeionjea."

"Na wale wa nje?"

"Sasa Sista, nitawapaje wageni chakula sijakigusa? Wanikimbie?"

Bertha akaweka kijiko chini. "Kila ukija Mbeya nakuuliza umekula nini. Mbona haya hujawahi kuniambia?"

Mama Gwakisa akashangaa kweli, si kwa kuigiza. "Hayo si yangu. Tonge la mgeni ni la mgeni. Mimi nalipitisha tu."

"Linapita wapi?"

Hapo mama akalitazama tumbo lake. Clement, aliyekuwa amebeba mkaa, akautua chini polepole.

Bertha hakugomba. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaagiza sahani tupu kubwa. "Leo usile hata tonge moja la mgeni. Kila unapotaka kumega, mega, tia humu. Baba atasimamia." Akaeleza pia, kwa upole, kwamba tumbo lake limefanywa dogo lakini halijawekewa kufuli. Ukilijaza kwa mara moja litakataa. Ukilipelekea kidogo kidogo mchana kutwa, tena laini, tena lenye mchuzi wa mafuta, litapokea tu, halina neno. Kisha akaondoka na safari yake.

Clement alisimamia kazi hiyo kama karani wa pamba. Jioni wakaifunua sahani. Wali, ugali, vipande vya nyama, chapati, maini, mchuzi umejaa mpaka ukingoni. Mpakia mizigo angepewa hiyo angeshiba akaomba mahali pa kulala.

Wakaitazama wote wawili. Clement ndiye aliyeanza.

"Mke wangu, nisamehe. Nilidhani unakula kwa kujificha. Kumbe unakula mbele ya watu wote!"

Walicheka mpaka Evarista akatoka jikoni kuuliza nani kafa.

Lakini kucheka ni jambo moja na kuacha ni jingine. Kesho yake mchana akaingia Masumbuko, dereva wa lori la vitunguu, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mama akamwekea ugali na samaki, akasema karibu, akageuka kwenda. Mkono ulikuwa unamwasha.

"Mama!" Masumbuko akaita. "Mbona umeweka ukaondoka?"

"Kula mwanangu, kitapoa."

"Leo hujala."

"Nimeshiba."

"Kila siku unakula, leo kwangu mimi ndiyo umeshiba?" Akausukuma ugali katikati ya meza. Meza ya pili nao wakaacha kutafuna. Mgahawa mzima ukageuka kutazama.

Clement akajitokeza. "Nitamwonjea mimi."

"Wewe Baba Gwakisa ulikonda tangu unazaliwa. Wewe hata ukila mawe hatutajua."

Mama Gwakisa alisimama pale katikati. Akiona sinia lile limesukumwa, aliona pia biashara yake inasukumwa. Mkono ukatoka wenyewe kuelekea ugali. Akaona sindano. Akaona yale magoti, na kile kiti cha chifu. Akaurudisha mkono, akaufuta kwenye aproni.

"Wanangu," akasema, "sikuwa na vidonda vya tumbo. Nilipasuliwa tumbo ili nipungue. Nilikuwa nakufa kwa unene na sukari. Sasa hili tumbo langu linatosha kisahani tu, na nyie kila siku mnanijaza matonge, ya meza hii na ile, kilo zinarudi. Nikiendelea kuwaonjea narudi kwenye sindano. Anayetaka kula ale. Anayeogopa, sitamkasirikia."

Masumbuko akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mama, huna ule ugonjwa?"

"Ugonjwa upi?"

Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuutaja.

"Sisi huko barabarani tulikuwa tunakuombea," akasema dereva mmoja wa meza ya pili. "Kuanzia Tunduma mpaka Mikumi."

"Mlikuwa mnaniombea huku mnaninenepesha?"

Hapo nyumba ikapasuka kwa kicheko. Masumbuko akainuka, akanawa upya, akaenda meza ya pili, akamega tonge kubwa kutoka sinia lao, akachovya, akameza, akasema kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto, "Nyumba hii haina ubaya na nyinyi! Karibuni!"

"We Masumbuko, huko ni kuonja au ni kuhama?" akauliza mwenye sinia.

"Mwenyeji haulizwi!"

Na tangu siku hiyo ikawa hivyo. Aliyekwisha kula anawaonjea wanaoingia, kisha ndipo anaondoka. Ugomvi ukazuka, lakini wa raha: kila mtu anataka kuonjea meza iliyoagiza kuku, wa maharage anakosa mwonjaji. Ikabidi Clement aamue kwamba anayeonja kuku leo, kesho aonje dagaa.

Mama naye hakupona kwa siku moja, msidhani. Mkono ulikuwa na mazoea yake. Mara nyingi ulikuwa umeshafika kwenye sinia ndipo anasikia Clement nyuma yake, "Mkono!" Anaurudisha. Zipo siku hakusikia, au alijifanya hasikii, tonge likapita. Siku hizo alimwambia Bertha kwa simu bila kuficha, na Bertha akamjibu kwamba tonge moja lililosemwa si kitu, aanze upya na mlo unaofuata. Kile kisahani nacho akaacha kukilia jikoni amewapa watu mgongo. Akawa anakaa meza moja na madereva, kwenye kiti cha plastiki, anaanza na samaki wake taratibu. Wao wanamaliza sinia, yeye yuko katikati ya kisahani, anawapigia hadithi. Kizunguzungu kikakoma, maana sasa alikula chakula chake sawasawa.

Mwezi wa sita ukafika, na baridi yake ile ya Mbeya ya kukuuma masikio. Mama Gwakisa akavua koti, akavua viatu, akapanda mzani amefumba macho.

"Fumbua, mama," Bertha akasema.

"Nisomee wewe."

"Themanini na tano. Na sukari yako nimeiona asubuhi. Iko vizuri."

"Sindano?"

"Sindano gani? Themanini tutaifikia polepole, hakuna anayetukimbiza. Nenda nyumbani kwa mume wako."

"Ndaga, Sista. Ndaga fijo." Akashukuru kwa lugha ya kwao Tukuyu, akamkumbatia mpaka miwani ya Bertha ikapinda.

Alipotoka nje akampigia Clement. Simu haikuita hata mara ya pili.

"Vipi?" Clement akauliza, na nyuma yake kulikuwa na kimya cha ajabu kwa saa ile ya mchana.

"Nimepungua, Baba Gwakisa. Sindano hakuna."

Kabla Clement hajajibu, simu ikajaa vigelegele vya Evarista na masufuria yanayogongwa kwa miiko. Kumbe simu ilikuwa katikati ya meza, watu wazima wameizunguka, malori yao yanawasubiri barabarani. Sauti ya Masumbuko ikazipita zote.

"Mama! Tuchinje mbuzi?"

"Chinjeni! Na mimi mniwekee kipande kimoja, cha pajani, kisicho na mafuta. Msikionje. Hicho nakuja kukila mwenyewe, nimekaa."