Mshenga na Marais wa Mzee Kibet

Katika miaka yote aliyosimama nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa pale Rayners Lane, Uingereza, Jitendra hakuwahi kubishana na mteja hata mmoja. Mteja akisema mvua ya mwaka huu imezidi, Jitendra alisema imezidi kweli. Anayefuata akisema afadhali mvua kuliko baridi, alimwona naye ana hoja. Mkewe, Alka, alipenda kusema kwamba mumewe angeweza kuwafuga simba na mbuzi katika zizi moja, na kila mmoja akaamini mwenye zizi yuko upande wake.

Kwa hiyo Linus alipomwomba awe mshenga wake, Alka aliona kazi imempata mwenyewe. Linus alikuwa nesi, Mjaluo wa Homa Bay, na alipanga chumba cha juu nyumbani kwao tangu alipofika Uingereza. Baba yake mdogo ndiye aliyetarajiwa kuja kumsemea ukweni, ila akanyimwa visa. Jitendra naye alizaliwa Kisumu, akasomea Kisumu, na Kijaluo chake kilitosha kununua samaki na kumtania muuza samaki.

"Wewe ndiye baba niliye naye huku, mzee," Linus alimwambia.

Jitendra, kama ilivyokuwa ada yake, akasema ndiyo. Baadaye ndipo alipojikuta ameketi kitandani na soksi moja mguuni, akiwaza. Alikuwa amestaafu, mvi zimemjaa, na maisha yake yote hakuwahi kusimama mbele ya watu kumwombea mtu chochote. Akikosea neno, kijana wa watu angemkosa mke.

Msichana aliitwa Bridget, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mkalenjin mmoja aliyekuwa dereva wa basi na kuishi Ilford.

"Kuna jambo moja," Linus alisema. "Baba yake, Mzee Kibet, ana ugonjwa wa marais wa Marekani."

"Ugonjwa gani huo? Labda nina dawa yake."

"Huu hauna dawa. Kila mgeni akiingia kwake lazima aulizwe: tangu Hitler ashindwe, rais gani wa Marekani amekuwa bora kuliko wote? Bridget anasema fundi alikuja asubuhi kuziba bomba la jikoni, akatoka jioni."

"Na jibu lake yeye ni lipi?"

"Eisenhower. Kwa sababu ya barabara."

Alka, aliyekuwa akichambua dengu, hakuinua hata macho. "Basi jibu unalo. Mkubalie kila atakachosema. Huendi kushinda kesi, unakwenda kuomba mtoto wa watu."

Hata hivyo Jitendra aliazima kitabu kinene maktaba, akakisoma kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Kilimkolea kuliko alivyotazamia. Alka alimsikia akicheka peke yake sebuleni, na mara nyingine akisonya.

Jumamosi wakavaa suti, wakapanda treni hadi mjini, wakabadilisha, wakashuka Ilford. Njiani Jitendra alimkumbusha Linus desturi: mposaji siku ya kwanza hana mdomo. "Leo wewe ni bubu. Hata ukikanyagwa."

Mzee Kibet aliwapokea mlangoni. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama vioo vitatu kwa wakati mmoja. Mkewe, Mama Bridget, naye nesi, alileta chai ya maziwa na mandazi. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za magoti. Bridget alikuwa jikoni na hakuonekana, ila vyombo vililia huko kwa namna ya mtu anayeosha sahani moja mara nyingi.

Kisha Mzee Kibet akaweka kikombe chini.

"Bwana Jitendra. Kabla hatujaingia katika lililowaleta, nina swali dogo. Obama tumemtoa. Baba yake ni Mjaluo, na Mjaluo hawezi kukaa hakimu katika kesi ya ndugu yake."

Linus alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Waliobaki, tangu vita vya Hitler. Nani bora?"

"Eisenhower," alisema Jitendra bila kusita.

"Aa. Kwa nini?"

"Barabara, mzee. Aliunganisha nchi nzima."

Mzee Kibet alitabasamu. "Umesema. Ila kuna wanaosema Reagan."

"Reagan naye," alisema Jitendra, "alikuwa msemaji hodari."

"Na Nixon?"

"Nixon alikwenda China. Si jambo dogo."

Tabasamu la Mzee Kibet lilianza kupungua, kama moto wa stovu mafuta yakiisha. Mama Bridget akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Mimi nasema Bush, yule mtoto. Nilikuwa wodini Eldoret tukizika vijana kila wiki. Alipotuletea dawa za UKIMWI, watu waliinuka vitandani wakaenda kulima. Niambieni mengine yote aliyoyafanya, nayajua. Lakini hilo nililiona kwa macho yangu."

"Mama, una hoja kubwa," alisema Jitendra. "Bush pia."

Jikoni maji yakafungwa.

"Bwana Jitendra," alisema Mzee Kibet polepole, "huko Rayners Lane marais wote ni bora?"

"Mimi naona kila mmoja ana..."

"Ngoja, ndugu yangu. Sikuulizi ili unipendeze. Kwetu mshenga si tarishi wa kuleta salamu na kurudisha salamu. Ndiye atakayeitwa siku hawa watoto wakigombana. Siku hiyo mimi nitakuja nimefura, nitasema mambo ya kijinga, na anatakiwa mtu wa kuniambia, Kibet, hapo umekosea. Sasa wewe umekubaliana na mimi, na Reagan, na Nixon, na mke wangu, hata chai haijapoa. Siku hiyo utamtetea nani?"

Jitendra alimtazama Linus. Kijana aliinamia zulia, mikono ameibana katikati ya magoti, na shingo yake, iliyokuwa imenyooka tangu Rayners Lane, ilikuwa imelegea. Kumbe ule upole aliosifiwa maisha yake yote ndio uliokuwa ukimwangusha mtoto huyu. Jitendra akavuta pumzi, kama mtu anayetia mguu kwenye maji asiyoyajua.

"Basi, mzee, Eisenhower si bora."

"Sema tena."

"Si bora. Zile barabara zilipasua mitaa ya maskini, hasa watu weusi. Nyumba zilibomolewa ili gari lipite upesi. Wewe dereva unaona lami. Mimi naona waliokuwa wakilala pale lami ilipo."

Mzee Kibet aliegemea mbele. "Endelea. Wako ni nani?"

"Carter."

"Carter?" Mzee Kibet alimgeukia mkewe kama anayetafuta shahidi. "Mtu ambaye raia wake walipanga foleni ya petroli? Unamtajia dereva mtu wa foleni ya petroli?"

"Foleni hakuitengeneza yeye peke yake."

"Na mateka wa Marekani kule Tehran?"

"Walirudi kwao hai."

"Waliachiwa siku aliyotoka ikulu."

"Lakini hai, mzee. Ungependa warudi mapema ndani ya majeneza?" Jitendra alisikia sauti yake imepanda, akashangaa kuwa haikumuumiza. "Nisikilize. Misri na Israeli walikuwa hawatazamani usoni. Aliwachukua viongozi wao wote wawili akawapeleka mlimani, na walipokataa kuongea, yeye mwenyewe alitoka nyumba hii kwenda ile, amebeba maneno ya huyu kwa yule, karibu wiki mbili. Rais wa Marekani, anatembea na makaratasi kama mtu aliyetumwa. Na wakatia saini. Kazi hiyo inaitwaje kwa Kiswahili?"

Mama Bridget ndiye aliyejibu, huku akicheka hadi akashika kifua. "Ushenga."

"Hilo ni jambo moja," alisema Mzee Kibet. "Moja halimfanyi mtu bora."

"Na barabara ni mangapi?"

Hapo wakashikana kwelikweli. Truman aliletwa akarudishwa. Kennedy alisifiwa kwa ujana wake na Mama Bridget akawauliza tangu lini ujana ni kazi. Johnson alipewa sifa za haki za raia kwa mkono wa kulia, akanyang'anywa kwa ajili ya Vietnam kwa wa kushoto. Jitendra alisimama mara mbili bila kujua amesimama. Mzee Kibet alimwita mbishi, akamwita Mhindi wa Kisumu asiyeshikika, na kila jina alilitamka kama anayemwongezea mgeni nyama.

Mwishowe sauti zikawakauka. Mzee Kibet alipangusa macho kwa leso.

"Carter ni wa tano," alisema. "Zaidi ya hapo sitoi."

"Wa pili," alisema Jitendra. "Na siondoki."

Mzee Kibet aligeukia jikoni. "Bridget."

Bridget alikuja akikausha mikono ambayo ilikwisha kukauka.

"Hawa wageni unawajua?"

"Nawajua," alijibu kwa Kiingereza, halafu, baba yake alipoendelea kumtazama, akarudia kwa Kiswahili, "Nawajua, baba, wote wawili."

"Na huyu asiye na mdomo?"

"Huyo zaidi."

Mama Bridget alikuwa amekwisha kuinuka. Alirudi na kibuyu cha mursik aliyoigandisha mwenyewe, akaimimina katika vikombe, maziwa ya kijivu yenye chembe za mkaa, na cha kwanza akampa mshenga. Jitendra hakuwahi kuionja. Alikunywa, uchachu ukampanda mpaka puani.

"Tamu?" aliuliza Mzee Kibet.

"Chachu mno," alisema Jitendra, akanyoosha kikombe aongezewe.

Mzee Kibet alicheka akapiga goti. "Waandikieni wazee wa Homa Bay," alisema. "Tupange siku." Kisha akamgeukia Linus. "Haya, kijana, umefunguliwa. Sasa niambie, wewe kati ya Carter na Eisenhower uko wapi?"

Linus alimtazama baba mkwe, akamtazama mshenga, akamtazama Bridget aliyekuwa akimkodolea macho ya onyo.

"Mimi, baba," alisema, "niko na mama. Ni Bush."