Namna Nilipandisha Mto Kilimani

Nyumba yangu ya kwanza ilibebwa na mafuriko, basi nikisikia habari ya kiwanja, niko muntu wa kudanganyika haraka. Mwenye kosa ni jirani yangu Safari. Aliona watu wa serikali wakipiga vigingi vyekundu kandokando ya mto, akaniambia: «Wenye kuwa ndani ya vigingi watapewa viwanja.»

Jumapili, wote wakiwa misani, nikang'oa vigingi, nikavipanda nyuma ya nyumba yangu mpya, kule kilimani.

Jumatatu, chefu wa wale watu wa serikali akatangaza: «Ndani ya vigingi ni njia ya maji. Sheria inakataza nyumba. Zote zitabomolewa.»

«Maji haiyafika kwangu hata siku moja!» nikalia.

«Sasa vigingi vilifika namna gani, Papa?»

Safari njo alianza kucheka.

«Chefu,» nikasema, «mimi njo nilipandisha mto.»