Pete Iliyobaki Misioni

Majina yote ninayo kichwani: ya jirani, ya watoto wa jirani, mpaka ya mbuzi wa jirani. Hapa sitaandika hata moja. Wengine wamekufa, hawawezi kujitetea, na wengine wako hai na wana midomo.

Mama alikuwa na nyumba Lubunga, upande wa reli, aliyoachiwa na baba yake, fundi wa treni za Ubundu. Katika nyumba ile sheria ilikuwa moja: mwanamke asiye na pete halali humo na mwanaume wake. Kwa nini? Kwa sababu koko wangu, mama ya mama, alifunga ndoa kanisani, kwenye misioni ya kando ya mto kuelekea Yanonge, wakati wenzake walichukuliwa hivi hivi tu.

Mama alitusimulia arusi ile kama alivyoisikia kwa koko, na ilikuwa hadithi ya chakula. Tulijua ndizi za lituma zilivyopondwa, samaki gani alivunjikia chunguni, nani alikuja kuomba ukoko. Padri alisema nini, watu waliimba nini, hayo hatukuyasikia. Hatukuuliza.

Kwa sheria hiyo nilimpoteza mtu. Nilikuwa msichana bado, naye alitengeneza baiskeli karibu na stesheni. Hakubatizwa, na baba yake hakutaka habari za mapadri. Mama akasema, "Hapa kwetu hakuna mwanamuke wa mulango ya nyuma." Nikamrudishia kijana kitenge alichoninunulia. Nikaolewa na mwingine, kanisani, akanipiga mpaka siku alipokufa. Sikulalamika. Nilijiambia, mimi ni mjukuu wa koko.

Halafu vita. Binti yangu aliishi mjini, ng'ambo ya mto, njia ya Bangboka, na mfanyabiashara kutoka Butembo. Mtoto mgongoni, pete hakuna. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia mjini kama ndugu, yakaanza kuangaliana vibaya, na watu wakawa wanavuka kwetu kwa mitumbwi na magodoro yao. Binti akatuma mtu kuuliza kama naye avuke.

"Avuke na pete," mama akasema.

Mkwe hakukataa, yeye mwenyewe ni Mkatoliki. Lakini padri wa mjini alitaka kwanza mafundisho ya miezi. Ndipo nikapata wazo la kwenda kule kwa koko. Nilifikiri, kanisa lililofunga ndoa ya wazee wetu litatutambua, na padri wa kule atatuhurumia.

Mama akanishika mkono. "Usiende, mutoto wangu. Ku mayi basoda iko wengi."

Nilidhani anawaogopa hao askari wa mtoni, ananionea huruma.

Nikashuka mto kwa mashua ya mbao, juu ya mifuko ya watu. Kwenye kizuizi askari akanyoosha bunduki kuelekea kikapu changu. "Mama, unaenda wapi?"

"Kanisani. Juu ya arusi."

"Arusi yako?"

"Kama uko na mahari, tuzungumuze."

Wenzake wakamcheka, wakachukua makayabu yangu yote, samaki wa chumvi niliobeba, wakatuacha tupite.

Kanisa nililikuta limevuliwa mabati. Padri alikuwa amekimbia. Mwanamke mzee kuliko mama alikuwa anafagia, ndani ya kanisa lisilo na paa, kana kwamba watu wanakuja kusali. Nikamwambia natafuta mahali koko zangu, bibi na babu, walipofungia ndoa, nikamtajia majina yao yote mawili. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Ule mwanaume ni baba yangu," akasema. "Kweli alioa hapa. Alioa mama yangu."

Akanikalisha kwenye kivuli cha ukuta, akanieleza bila hasira. Babu yetu huyo alikuwa na wanawake wawili. Misioni ikamwambia, anayetaka ubatizo achague mmoja, mwingine arudi kwao. Akachagua mama ya huyu mzee.

"Koko yako hakurudi kwao. Siku ya arusi alikuwa ku jikoni. Ni yeye alipika."

"Na kisha?"

"Kisha reli ilimwita baba. Akaacha mwanamuke wa pete hapa, na mimi, akapanda na koko yako. Mama alikufa na pete ku kidole. Bwana hakurudia hata kumuzika."

Nikamuuliza kama mama yangu anayajua hayo. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto.

"Mama yako alikuja hapa zamani, mbele uzaliwe. Alilala kwangu. Akasema, yaya, dada mukubwa, tufunge kinywa, ku mujini batatucheka. Nikafunga. Lakini wewe umeuliza."

Alinipikia samaki.

Niliporudi mama alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni.

"Dada yako anakusalimia," nikasema.

Vidole vikasimama. "Bado iko hai?"

"Mama, ulijua."

"Wanawake wa bakarani wa reli walikuwa wanatupima na macho. Mutu anasimama na nini kama hana pete? Nilitaka mutembee kichwa juu."

"Na ule kijana wa makinga, fundi wa baiskeli?"

Akachambua majani mawili matatu. "Alikuwa muzuri, ule kijana. Alijua kusalimia watu."

Kama angesema kijana alikuwa bure, ningeweza kumsamehe.

Nikageuka, nikateremka mtoni, nikavuka. Nilirudi na binti yangu, mtoto, na mkwe amebeba godoro kichwani. Majirani walikuwa wamejaa uani kwetu, wakimbizi na wenyeji. Mama alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, amenyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Bon, karibuni," akasema kwa sauti ya kusikika. "Wametoka misioni. Ndoa imefungwa kule kwa koko."

Jirani mmoja akanigeukia. "Eh, mama! Na arusi ilikuwa ya namna gani?"

"Hakuna arusi," nikasema. "Hakuna mutu amefunga ndoa. Binti yangu amekimbia mabomu, na ataingia."

Mama akarudisha mikono mapajani. Binti yangu akapita mbele yake, mkwe nyuma, godoro likakwama mlangoni, tukalisukuma.

Mabomu yalipoanza ng'ambo, tulilala wote sakafuni. Mama alinipa mgongo. Akaniambia, polepole, kwamba nimemuuza mbele ya watu. Nilikuwa nimeziba masikio ya mtoto kwa mikono yangu.