Profesa Aliyetiwa Nili Hadi Viwikoni

Saa kumi na mbili asubuhi, Elimu ya Juu imeketi. Imeketi juu ya jiwe, katika kijiji cha Riangbele, na inapuliza vidole vilivyoungua kwa sababu imeshindwa kutoa punje za mahindi kwenye chungu cha moto na kuziponda kabla hazijapoa.

“Ukipuliza hivyo mahindi yatapoa, Profesa,” anasema mwenyeji wake, Mama Tuto. “Wanafunzi wako wanakuogopa kweli?”

“Jumatatu mpaka Ijumaa,” anajibu Profesa Fransiska Lewar, 58, akiandika neno kiganjani.

Kwa miaka saba, kila likizo, mwanaisimu huyu hupanda meli kuja hapa kutoka mji wa Kupang kwa nauli ya mfukoni mwake, rupia 150,000. Haulizi watu maneno. Hufanya kazi zao, na maneno huja yenyewe. Amekusanya 3,140 kwa ajili ya kamusi ya kwanza ya lugha ya kijiji hiki.

Kamusi inakwenda mtamboni kuchapwa Ijumaa. Ukurasa mmoja ni mtupu: majina ya rangi za nyuzi za kufumia.

Wanaoyajua ni wawili tu, Bibi Barek na Bibi Kewa, majirani ambao kwa miaka ishirini hawajaombana hata moto. Kwa desturi, jina la rangi huambiwa mwenye mikono ndani ya chungu cha rangi, na hakuna kati yao anayekubali mkono mgeni uguse nili yake, rangi ya buluu ya kutia nyuzi.

Ghafla Bibi Barek anaingia uani kwa Mama Tuto, kilemba upande.

“Mwalimu, inuka. Nasikia Kewa kakutajia rangi zote. Kewa anajua rangi gani? Nyuzi zake zikinyeshewa mara moja zinakuwa kama maji ya kunde.”

Profesa anafungua mdomo akanushe. Mama Tuto anamkanyaga mguu.

Kufikia adhuhuri, uani kwa Bibi Barek, Profesa ni wa buluu hadi viwikoni, ana majina ishirini na sita, na anacheka kama mtoto aliyeachiwa matope.

“Jumatatu nitafundisha hivi hivi,” anasema. “Na mwakani nataka watoto wa hapa wasome kamusi hii darasani.”

Mara Bibi Kewa anatokea na chungu chake kichwani.

“Barek, umemtajia sitini? Sitini za wapi? Nusu ni za marehemu mama yangu.”

“Sitini? Si wewe uliyetangulia kumtajia?”

“Mimi? Nani kasema?”

Wanatazamana. Kisha wote wawili wanageukia pembe ya ua, ambako kuna mtu anaandika kwa bidii isiyo ya kawaida.

Mwandishi wa habari hii, wa kidato cha tano, shule ya bweni, anakiri. Jumanne alipita kwa Bibi Barek, Jumatano kwa Bibi Kewa, kila mmoja akimwambia kwamba mwenzake keshataja rangi zote. Hiyo sitini aliitunga njiani, na anaomba radhi.

Bibi Kewa anatua chungu kando ya kile cha jirani yake.

“Umesema sitini,” anamwambia mwandishi. “Basi kaa hapo uandike mpaka zitimie.”