Uzoefu wa Viungo

Mimi ni mwalimu mstaafu wa haiba na michezo. Kwa asiyejua, hilo ni somo ambalo wazazi hawaliulizi na mkuu wa shule hulikumbuka siku mgeni anapokuja. Miaka thelathini na moja nimepuliza filimbi kwenye viwanja vya shule za msingi hapa Tarime, nimefundisha watoto kuruka kichura, nimefukuza mbuzi wasile kamba ya kuvutana. Nilipostaafu nilidhani nimeachana na mambo ya kurusha mikono. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa naelekea kuitwa mtaalamu.

Ilianza na tangazo. Kituo kimoja cha kusaidia wafiwa na watu wenye mawazo mengi kilifunguliwa kwetu Turwa, ndani ya jengo lililokuwa ghala la mahindi. Ukutani wakaandika kwa rangi ya bluu: Mcheza Kwao Hutunzwa. Tangazo lilibandikwa mpaka sokoni. Wanatakiwa walimu wa tiba ya kucheza na mijongeo, kipaumbele kwa wenye uzoefu wa viungo usiopungua miaka mitano. Hapo kwenye viungo ndipo balaa lilipoingilia. Aliyeandika angeongeza maneno mawili tu, "vya mwili", mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuomba. Tangu sisi dada zake tulipomzika mdogo wetu wa mwisho, aliyefukiwa na kifusi kwenye shimo la wachimbaji wadogo upande wa Nyangoto, mama yetu alikuwa amekaa. Nasema amekaa. Nilimchukua nikamleta kwangu, akakaa kwenye kigoda sebuleni, mikono mapajani, halii, hasemi. Jina la marehemu hakulitaja, na sisi tukaogopa kulitaja mbele yake. Hospitali walimpima wakasema hana ugonjwa. Uji nilimnywesha kwa kijiko. Mwanamke aliyelima kwa jembe la mkono na kutwanga udaga wa muhogo wa kulisha watoto saba, sasa alikuwa anafungwa kitenge na mtu mwingine. Niliposikia kuna watu wanafundishwa namna ya kuwaamsha waliokaa hivyo, nikasema liwalo na liwe, nitajifunza.

Siku ya usaili tulipangwa kwenye benchi nje ya chumba chenye ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila jibu la aliyeko ndani lilisikika mpaka barabarani. Mbele yangu alikaa muuza viungo wa sokoni, na kofia yake ya kufuma na kanzu iliyonyooshwa. Ni Mwislamu ambaye babu yake alitoka Tanga, na Krismasi zote mimi hununua kwake bizari na mdalasini wa pilau. Biashara yake niliiheshimu kwa huruma, maana sisi Wakurya kiungo chetu ni chumvi, na nyama ikiwa imenoga tunaongeza kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumbo la ng'ombe. Nilidhani ameleta mzigo wa jikoni. Akaitwa yeye, akaingia.

"Una uzoefu wa viungo miaka mingapi?" wakamuuliza.

"Ishirini na saba. Baba alikuwa wa viungo, babu pia. Kwetu ni kazi ya ukoo."

"Umefanyia wapi?"

"Hapa hapa Tarime. Lakini viungo vyenyewe ni vya Unguja na Pemba, na vingine vya India."

Nilisikia kalamu zikiandika India.

"Na viungo vilivyokakamaa, vilivyokaa muda mrefu bila kutumika, unavifanyaje?"

"Hivyo watu hukimbilia kuvitupa, na ni makosa. Unavianika, unavipasha moto kidogo, halafu unavitwanga taratibu. Vinarudi."

"Unavitwanga?"

"Taratibu. Ukitia hasira unaviharibu."

Mratibu wa kituo, binti mwenye digrii mbili na miwani, akasema hajawahi kusikia mbinu hiyo ikielezwa kwa lugha nyepesi namna ile. Ningeweza kuinuka pale nikasema, jamani, huyu anauza iliki. Sikuinuka. Wakianza kumchunguza yeye watanichunguza na mimi, na kwenye wasifu wangu nilikuwa nimejiita mbobezi wa mijongeo ya utotoni, yaani kuruka kichura.

Tukapita watatu. Wa tatu alikuwa mgambo mstaafu kutoka Morotonga, kule Serengeti, ambaye ujuzi wake wote ulikuwa kwata. Yeye alijaza kwamba ni mtaalamu wa mijongeo ya pamoja, na siwezi kusema alidanganya.

Tulipewa semina ya siku tano. Mkufunzi wetu alivuka Sirari kutoka Kenya, kijana mtanashati ambaye kabla ya kuwa bingwa wa tiba alikuwa anapokea mizigo kwenye hoteli moja ya watalii, na baada ya chakula akiwachezesha wageni. "Sikizeni mwili," alituambia. "Mwili hauwezi danganya, si ndio?" Tukaitikia ndio. Siku ya pili, tukiwa tumelala chali kwenye mikeka tukijifanya mito inayotiririka, muuza viungo alinigeukia akaninong'oneza.

"Mwalimu, nadhani hivi ni viungo vingine."

"Nyamaza," nikamwambia. "Chai inakuja."

Siku ya tano tukapewa vyeti vyenye ua la dhahabu pembeni. Changu nilikitundika sebuleni, juu ya kigoda cha mama, nikampeleka kituoni awe mwanafunzi wangu wa kwanza.

Darasa langu lilikuwa la pumzi na miti. Vuta pumzi, inua mikono, kuwa mti, sikia upepo. Mama amekata miti maisha yake yote, hakuona sababu ya kuwa mti uzeeni. Alinitazama wiki nzima bila kukunja kidole. Nikabadilisha, nikasema awe ndege. Kwa mgambo ndiyo kabisa, wafiwa walipangwa safu tatu kwa kimo, wakaambiwa huzuni ibaki nyuma, mguu wa kushoto, mbele tembea. Mjane mmoja alimuuliza kama huku mbele wanakokwenda ndiko marehemu aliko. Yule mgambo akamwambia asiongee akiwa kwenye safu. Tulikuwa tunatwanga maji kwenye kinu, mchana kutwa, tukiwa na vyeti.

Muuza viungo alikuwa na saa yake alasiri. Siku ya kwanza aliwatazama watu, watu wakamtazama, akawaomba radhi akaondoka. Siku ya pili alikuja na mkokoteni. Alishusha kinu kikubwa cha mvule, michi miwili na kiroba cha bizari nyembamba na iliki, akasema yeye hajui kucheza ila ana oda ya pilau ya harusi na mikono yake haitoshi, wamsaidie. Wanawake wakacheka. Wawili wakasimama, mmoja huku mmoja kule, wakaanza kupokezana michi, ti, ti, ti, na ghala lote likanukia.

"Na wewe mwanaume unashika mchi," mgambo alimwambia muuza viungo kutoka mlangoni. "Kwetu mura akishatahiriwa, kinu anakikwepa kuliko nyoka."

"Kwetu asiyetwanga hali pilau," alijibu, akaendelea.

Mama alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Muuza viungo hakumwambia apumue. Alipiga goti mbele yake, akasema shikamoo mama, akamwekea mchi mapajani. "Huyu mwenzako kule ananimwagia iliki," akamwambia. "Mimi nikimsema atanuna. Mwangalie tu, ukiona amezidi nistue." Akaondoka akaendelea na kazi zake. Kesho yake akamwekea tena, keshokutwa tena, na kila siku akija kumuuliza kama yule mwanamke amejirekebisha.

Wiki ya tatu mama akainuka. Hakuna aliyemwambia. Alisogea kwenye kinu, akamsukuma yule mwanamke kwa bega, akainua mchi kwa mkono mmoja jinsi wanavyofanya wanawake wa zamani, akaushusha. Muuza viungo akachukua mchi wa pili akasimama mbele yake, wakapokezana. Machozi yalimtoka mama yakaingia kwenye iliki, na hakuna aliyesimamisha kazi. Mimi nilikuwa nimesimama nikilia kwa furaha, na chini ya furaha kulikuwa na wivu. Naandika hivyo hivyo, wivu. Miezi minane nimemlisha kwa kijiko, na cheti ninacho, halafu mama anaamka kwa ajili ya pilau ya watu.

Jioni ile alimega ugali kwa mkono wake mwenyewe. Kusema alikuwa bado.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi kutoka kwa wafadhili, na fomu yenye sehemu ndefu kuliko zote: taaluma ya awali ya mwalimu. Hakuuliza nani ameamka. Alimsoma mgambo, mijongeo ya pamoja, akaweka alama ya vema. Akanisoma mimi, akaweka vema, akanipongeza kwa utaalamu adimu. Alipofika kwa mwenzetu akaona viungo, India, akauliza alisomea chuo gani huko.

"Sijasomea, bwana. Ni mabaharia walioleta kwa babu," akajibu. "Mimi nauza. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Nilisoma tangazo nikadhani mnanitaka mimi."

Mratibu alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kabla ya chakula cha mchana tukaletewa karatasi ya kusaini mimi na mgambo, inayosema hatukufahamu kwamba mwenzetu hana taaluma na tunaomba aondolewe kwa usalama wa wahudumiwa. Mgambo alisaini akaongeza na cheo. Nikashika kalamu. Nilijua vizuri kwamba mhudumiwa wa kwanza wa kulindwa ni mama yangu. Nilijua pia kwamba nisiposaini, wangeuliza kichura ni taaluma ya chuo gani. Nikasaini kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Yeye alipakia kinu kwenye mkokoteni bila neno baya. Alirudi mara moja tu, kuchukua mchi uliokuwa karibu na kiti cha mama.

Alasiri iliyofuata saa ile nilipewa mimi. Nikasimama mbele, nikasema karibuni, tuvute pumzi. Mama akatazama pale kinu kilipokuwa kikikaa, akatazama mlango, akanitazama.

"Mwalimu yuko wapi?" akauliza.

Miezi tisa nimesubiri sauti ile.

"Mwalimu ni mimi, mama."

"Wewe nimekuzaa," akasema. "Nauliza mwalimu."

Mikono yake ikarudi mapajani, mmoja juu ya mwingine kama zamani. Usiku nilimwekea ugali na dagaa, hakugusa. Asubuhi nikachukua kijiko, akafumba mdomo. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipojua nimesaini nini. Nilikishusha kile cheti ukutani. Hakikusaidia kitu, isipokuwa niliacha kukiona.

Nikaenda sokoni. Alikuwa anapima karafuu, akanikaribisha vizuri, akaniuliza anipimie nini. Ukarimu ule ulinichoma kuliko matusi.

"Nilisaini," nikamwambia.

"Najua. Mwandiko wako haufichiki."

"Mama hali. Rudi basi kituoni, nitaongea na mratibu."

"Kituoni sirudi, mwalimu. Mimi sina taaluma, na wewe umeshuhudia kwa maandishi." Alifunga karafuu za mteja, akampa. Halafu akaonyesha kwa kidevu nyuma ya kibanda. "Lakini kinu kile pale. Kina kazi kila siku, na hakimuulizi mtu cheti. Mlete."

Kesho yake nilimwongoza mama kwa mkono kutoka Turwa mpaka sokoni, tukipumzika kila penye kivuli. Alipokiona kinu aliniachia mkono. Muuza viungo akasema shikamoo mama, yule mwenzako hajaja leo, leo ni huyu hapa, akanikabidhi mimi mchi wa pili. Basi mbobezi wa mijongeo nikasimama nyuma ya kibanda cha viungo, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani wanaouza vitunguu, nikaanza kutwanga. Mama akishusha nami nashusha. Michi ikagongana. Nikangoja, nikachelewa. Ikagongana tena, iliki zikaruka.

Mama akasimamisha mchi.

"Mdogo wako alikuwa anatwanga vizuri kuliko wewe," akasema.

Nilibaki nimeshika mchi hewani. Mdogo wangu alikuwa mura, kijana aliyetahiriwa, mwenye mabega mapana. Dada zake wote tulikuwa tumeolewa, na nyumbani walibaki yeye na mama. Hatukuwahi hata siku moja kujiuliza udaga ule mama alikuwa anapokezana na nani.

"Sikujua, mama. Sikuwahi kumwona."

"Alikuwa anafunga mlango kwanza," akasema. "Twanga."