Tangazo Mgongoni mwa Gari la Crisanto

Crisanto Dumlao hakuogopa kazi wala baridi. Miaka kumi na tisa aliendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, ndani ya ghala la mboga za kugandisha, kule Stockton, mahali ambapo pumzi inageuka barafu kwenye masharubu. Kitu alichokiogopa kilikuwa kimoja tu: kuitwa msaliti. Babu yake alitoka Ilocos, ng'ambo ya bahari, akaja kuvuna mboga ya asparaga mpaka mgongo ukapinda, na wavunaji walipogoma hakurudi shambani hata pale watoto walipokula wali kwa chumvi. Kwa akina Dumlao, ukiwa mlevi utasamehewa. Ukimwacha mke watakusema mwezi mmoja, watachoka. Lakini ukivuka mstari wa wagomaji, jina lako halitajwi tena mezani. Mjomba wake mmoja alivuka, na mpaka leo Crisanto hajui alizikwa wapi.

Sasa sikia jinsi alivyojifunga kamba mwenyewe.

Corolla yake iliibwa mara mbili. Baada ya ile ya pili akaenda kufunga kibao cha namba za gari chenye skrini, ambacho kinajua gari liko wapi. Wenye vibao wakamwambia, ukikubali kubeba matangazo, ada ya gari ya mwaka ni juu yetu. Gari likitembea, watu wanaona namba tu. Likisimama zaidi ya sekunde nne, namba inasogea pembeni na tangazo linawaka. Akasaini. Ukurasa wa pili hakuusoma, na wewe pia usingeusoma, usinidanganye. Na tusikionee: kibao kilimfaa. Gari lilipoibwa mara ya tatu lilikutwa Lodi kabla hajamaliza kunywa chai. Mtoto mmoja alipopotea mjini Modesto, kibao kilionyesha namba ya gari lililomchukua, na Crisanto siku nzima aliendesha kifua mbele utadhani ni askari. Alikisifia kazini mpaka Balkar Dhaliwal, mwenzake wa zamu, mtu mwenye ulimi wa pilipili, akambatiza Wakili wa Kibao.

Kisha kampuni ikapunguza dakika za kutoka kwenye baridi kupasha mwili, na watu wakagoma.

Siku ya kumi na mbili ya mgomo, saa kumi na mbili asubuhi, jua la Julai tayari limeshaanza ukorofi, Crisanto aliegesha karibu na geti kama kawaida. Goti lake moja ni la chuma, hawezi kutembea mbali, ndiyo maana walimwachia nafasi ile. Hajashuka, akasikia Balkar anacheka kicheko kisicho cha heri.

"Wakili! Hebu shuka uje usome mteja wako anasema nini!"

Crisanto akazunguka nyuma ya gari. Kibao kilikuwa kinang'aa: TUNAAJIRI LEO. MADEREVA WA FOKLIFTI. Na chini yake, jina la ghala lao.

Mwenye gari ndiye mtu pekee ambaye hakioni kibao chake akiwa njiani, na hakujua ametembea na neno lile kuanzia taa ya barabarani ya kwanza au ya mwisho.

"Wametangaza kazi zetu mgongoni mwako, mzee wetu," Balkar akasema, safari hii hacheki. "Wanakulipa ngapi?"

"Balkar, koma! Mimi nimejua sasa hivi kama wewe!"

Lupe Arreola, msimamizi wa mstari wa wagomaji, akaja na kofia yake kubwa. Mama huyo hapigi kelele, na ndiyo maana anasikilizwa.

"Mzee Cris hawezi kutuuza," akasema. "Matangazo wamenunua kampuni. Mzee, kiondoe tu."

"Nikiondoe vipi? Hicho ndiyo namba ya gari."

"Kifunike basi na fulana."

Wote wakageuza macho kwenye gari la polisi lililokaa ng'ambo ya barabara tangu siku ya kwanza. Kufunika namba ni kosa, kuing'oa ni kosa kubwa zaidi. Na hakimu alishatamka: kosa moja tu mstarini, wagomaji wanasogezwa mita mia tatu kutoka getini. Kuegesha mbali nako hakuna, barabara yote ile imepigwa marufuku kusimama, upande mmoja mfereji, upande mwingine reli.

Crisanto akawapigia wenye kibao. Mashine ikamshukuru kwa kuwa mteja wao. Ombi lake la kusitisha tangazo litashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi.

"Siku saba!" akaifokea simu. "Siku saba mtakuwa mmenizika!"

Lupe akamshika mkono. "Leo pumzika nyumbani, Mzee. Kesho nitakupitia na gari langu."

Ushauri mzuri, wala hauna ubaya. Lakini Crisanto aliangalia nyuso za wenzake, akaona wawili wanaokwepa macho yake. Akiondoka sasa, mpaka jioni hadithi itakuwa imeshaota miguu: Dumlao kaumbuka, kakimbia. Kuondoka hakuweza, na kusimama ndiyo kabisa. Basi kichwa chake kikamletea wazo ambalo angelipewa na mtu mwingine angelicheka.

"Sisimami," akasema. "Nitazunguka. Gari likitembea ni namba tu."

Akaanza kuzunguka. Kutoka getini, kupita mfereji, kukata kona ya kiwanda cha makopo, kuvuka reli, kurudi getini, honi juu. Mzunguko wa kwanza walimpigia makofi. Wa nne wakampungia. Wa kumi hakuna aliyeinua kichwa. Wenzake wanaimba, wananyweshana maji, wanakaa kivulini wakipiga soga, naye yuko ndani ya chuma cha moto kisicho na kipoza hewa, koo limekauka, kibofu kimejaa, anawaona kwa sekunde chache na kuwapoteza. Alitamani hata Balkar amtukane, mradi atukanwe akiwa amekaa nao. Mgomo ulikuwa wake na alikuwa nje ya mgomo, jamani, hakuna upweke kama huo.

Saa sita kasoro, vizuizi vya reli vikamshukia. Treni ya mizigo, mabehewa hayana mwisho. Sekunde nne zikapita, zikapita arobaini. Kwenye kioo akaona gari dogo jeupe nyuma yake, na mwanamke anainama mbele kusoma. Crisanto akajikunyata kwenye kiti kama mtu aliyeshikwa uchi.

Treni ikaisha, akaondoka. Jeupe likaondoka naye. Akakata kona, likakata. Akaongeza mwendo, likaongeza. Hapo ndipo alipoelewa: huyu anamfuata kwenda kuomba kazi.

Akikaza mwendo anampeleka getini. Akisimama, kibao kinasema. Geti likatokea mbele, na mstari wote ukaona Corolla inakuja na mtu nyuma yake. Jeupe likawasha taa ya kuingia. Crisanto akafunga breki, akajivuta nje na goti lake, akaenda dirishani kwa yule mwanamke.

"Mwanangu, usiingie. Tumegoma. Hiyo kazi ni ya kwangu, ni ya hawa."

Mwanamke alikuwa na bahasha mapajani na blauzi iliyopigwa pasi vizuri. Akamtazama, kisha akatazama nyuma ya Crisanto, kibao kilipokuwa kinawaka kwa raha zake.

"Lakini baba, mbona wewe ndiye umeandika?"

"Sikuandika mimi! Wameniandika!"

"Mimi nina miezi saba sina kazi," akasema kwa upole, na huo upole ndio uliommaliza. "Kama hutaki watu waje, kwa nini umebeba?"

Crisanto akaanza na ukurasa wa pili, akarukia ada, akarukia Lodi na mtoto wa Modesto, na jeupe lilishaanza kusogea. Wenzake walitembea polepole mbele ya geti, kama sheria inavyoruhusu, kisha wakalazimika kulipisha lile jeupe. Akipita kwa Lupe, mwanamke akateremsha kioo kabisa na kumpungia Crisanto.

"Asante, baba! Bila wewe nisingepajua!"

Mstari mzima ulisikia. Balkar alitema mate chini, hakutania.

"Unamjua?" Lupe akauliza.

"Simjui."

"Kakushukuru."

"Nimesikia, Lupe."

Lupe akavuta ukingo wa kofia. "Mzee Cris, nenda nyumbani," akasema, na neno la kesho kumpitia hakulirudia.

Akaingia garini. Mpaka nyumbani kwake kuna taa saba za barabarani, na siku hiyo zote zilimkuta nyekundu, na kila moja ikamsimamisha zaidi ya sekunde nne.